Mzaliwa wa Enzi za Rupia

Kila mwandishi aliyemfuata Bi Kidude Unguja alikuwa na swali moja asiloweza kuondoka bila ya kuliuliza: bibi, una miaka mingapi? Jawabu lilikuwa tayari. Alizaliwa enzi za rupia. Mwandishi ataandika kwenye daftari lake, ataitikia kwa heshima, kisha atarudi hotelini kutafuta hiyo rupia ilikuwa lini. Hapo ndipo maskhara yanapoanza, na bibi mwenyewe keshakwenda zake.

Maana rupia si tarehe. Rupia ya Kihindi iliingia Zanzibar na biashara ya bahari, ikatumika sambamba na reale ya Maria Theresa mpaka ikaishinda. Sayyid Barghash alipigisha sarafu zake mwenyewe mwaka 1882, lakini rupia haikuondoka sokoni. Mwaka 1908 Serikali ya Zanzibar ikatoa noti zake, nazo pia zikawa za rupia. Bara waliiacha mapema, shilingi ilipoingia mwanzoni mwa miaka ya 1920. Unguja na Pemba ziliendelea nayo hadi mwisho wa 1935. Shilingi ya Afrika Mashariki ilishika nafasi yake tarehe 1 Januari 1936, rupia moja kwa shilingi moja na nusu.

Sasa piga hesabu. Mtu wa Unguja anayesema amezaliwa enzi za rupia anaweza kuwa amezaliwa siku za Barghash au mwaka mmoja kabla ya shilingi. Bi Kidude alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, kwa jawabu hilo alikuwa na miaka 78, au 130, au wowote ulio katikati. Maandishi mengi juu yake huongeza kwamba ilikuwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na wengi wakatulia na mwaka 1910. Huenda ni kweli. Lakini 1910 ni mwaka uliotafutwa na watu wa magazeti na mabango ya tamasha. Yeye alitoa rupia, akawaachia wengine kazi ya kuivunja chenji.

Kila nikilifikiria jawabu hilo hucheka, kisha hujiuliza ninachochekea. Mtoto wa kike wa kijiji cha Mfagimaringo, baba yake muuza nazi, hakuandikiwa cheti cha kuzaliwa na mtu yeyote. Walioandikwa siku zile ni mali, mashamba, karafuu, mashauri ya mahakamani. Miaka mingi baadaye dunia inamjia na kamera, inamtaka athibitishe ni lini hasa alianza kuwepo, kwa sababu bei ya tiketi inataka namba kubwa. Angeweza kuona haya. Angeweza pia kutaja namba yoyote ya kuwafurahisha. Alichowapa ni sarafu iliyokwisha muda wake.

Wachekeshaji wa jukwaani tunaowafuata leo kwenye simu zetu wanaijua mbinu hii. Akipanda tu, jambo la mwanzo analolitania ni kimo chake, lafudhi yake, ufukara wa kwao. Anawahi. Kabla mtu wa safu ya nyuma hajapata la kumrushia, yeye keshalisema, na kwa ufundi zaidi. Baada ya hapo ukumbi ni wake. Watu husema sanaa hiyo imekuja na televisheni na intaneti, imetoka Marekani ikapitia Nairobi na Dar es Salaam. Mikrofoni na mwanga ndivyo vilivyokuja hivi karibuni. Kuwahi kulikuwepo Ng'ambo zamani sana, na kulikuwa kazi ya wanawake.

Tuanze na majina. Fatuma binti Baraka ni jina la heshima, jina la binti wa Mtume. Kidude ni jina la kubandikwa, alilopewa utotoni kwa udogo wake alipozaliwa. Kwa Kiswahili chetu kidude ni kitu usichokijua jina, au unachokijua ila hutaki kukitaja mbele za watu. "Nipe hicho kidude hapo." Ki- yake ni ile ya kudunisha. Ukiiweka "Bi" mbele yake unapata kitu cha ajabu: neno la kumwinua mtu na neno la kumshusha yamekaa pamoja, kama wake wenza waliopatana. Alipokuwa maarufu angeweza kulivua jina hilo, akajiita Fatuma wa Zanzibar au lolote la kupendeza kwenye jalada la santuri. Hakulivua. Mabango ya Ulaya yakaandika Bi Kidude kwa herufi kubwa, na Mswahili aliyepita chini yake akatabasamu peke yake.

Aliyemtangulia alikwenda njia ya kinyume. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba yapata mwaka 1880, wazee wake walikuwa watumwa, naye jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Akawa akifinyanga na kuuza vyungu. Mwaka 1911 aliingia mjini, akajifunza kuimba taarabu, na baada ya miaka michache akawa anaitwa hadi kwenye kasri la Sultani. Mji ukamwita Siti, yaani bibi, mwanamke wa heshima. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay na wenzake wakarekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, na sauti yake ikaenea kwenye magramafoni ya mwambao mzima. Mtumwa akawa Siti. Kupanda huko kulimgharimu. Wapinzani wake walimtungia wimbo wa kumkejeli, wakiuliza tangu lini amekuwa mtu, huyu aliyekuja mjini na kaniki yake. Kaniki ilikuwa nguo ya bei ya chini iliyokumbusha utumwa, na kila msikilizaji alielewa. Siti alijibu kwa wimbo. Alikubali kwamba hana uzuri wala nasaba ya kujivunia, akasema la maana ni akili.

Katika jibu hilo tayari kuna kuwahi kwa namna yake: nyote mnayoyasema ni kweli, endeleeni, mimi naimba. Lakini Siti alijibu kwa utu uzima, na aliimba amejifunika. Shaaban Robert, alipoandika wasifu wake, alimwandika kama mfano wa kuigwa. Ndivyo mji ulivyotaka kumkumbuka.

Kuna Siti mwingine, na huyo ndiye aliyemfunza Bi Kidude. Ni Siti wa barazani, aliyegeuza habari za wiki kuwa nyimbo. Wimbo maarufu zaidi wa aina hiyo ni wa Kijiti. Msingi wake ni kisa cha kweli: mwanamke mgeni, mjamzito, alitoka na wenziwe kwenda kustarehe, akauawa na mtu aitwaye Kijiti, naye muuaji akavuka bahari akakimbilia bara. Mahakama ya wakoloni haikumpata. Walioadhibiwa ni wanawake waliokwenda kutoa ushahidi, kwa kosa la ulevi waliouandaa usiku ule. Muuaji yuko huru, mashahidi wako ndani. Wakili angelieleza jambo hilo kwa kurasa kumi. Wimbo unalieleza kwa kusimulia tu kilichotokea, mpaka upumbavu wa hukumu ujioneshe wenyewe, na mtu acheke kabla ya kugundua kwamba ana hasira. Bi Kidude aliuimba Kijiti hadi uzeeni. Siti alifariki mwaka 1950. Kesi ile tunaijua hadi leo kwa sababu ya wimbo.

Bi Kidude alisimulia kwamba utotoni alikuwa akisikiliza kuimba kwa Siti, akashika nyimbo kwa masikio. Chuoni, kwenye Kurani, hakukaa sana, alitoroka. Akaozeshwa angali mdogo, akatoroka tena. Kwa maelezo yake mwenyewe alivuka hadi bara, akazunguka kwa miguu, akaimba na vikundi vya taarabu, kisha akarudi Unguja miaka ya 1940 na kukaa Ng'ambo. Jambo moja alilifanya tofauti na Siti, na waliomwona hawakulisahau: aliimba uso wazi.

Hapa inafaa kusema kidogo juu ya Ng'ambo kwa asiyeijua. Mji Mkongwe wa nyumba za mawe na milango ya nakshi ulitenganishwa na upande wa mashariki na hori la maji ya bahari, ambalo baadaye lilifukiwa likawa barabara na viwanja. Ng'ambo ya hori waliishi watumwa wa zamani na watoto wao, wachukuzi wa bandarini, mafundi, wauza vyakula, watu wa kutoka bara. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897, lakini hori lilibaki vichwani mwa watu muda mrefu baada ya maji kukauka. Mtu wa Ng'ambo hakuwa na mlango wa nakshi wa kuwaringia watu. Alikuwa na ulimi. Kanga yenye maneno ilivaliwa ili jirani aisome. Kijembe kilitupwa kwenye wimbo, na aliyelengwa alijijua. Mwenye furaha aliinuka na kumtuza mwimbaji papo hapo, huku akimtazama hasimu wake.

Na kulikuwa na skuli yenyewe hasa ya mzaha, nayo ilikuwa ya wanawake peke yao. Bi Kidude alikuwa kungwi na mpigaji ngoma wa unyago. Mwari anapokaribia kuolewa hufundishwa mambo ya mwili na ndoa kwa ngoma, nyimbo na maigizo, na hakuna mwanamume anayeruhusiwa kuchungulia. Mle ndani mabibi wanaoonekana njiani na mabuibui yao, wanaosalimiana kwa shikamoo na marahaba, huigiza mume mkali, mume mvivu, mume anayejiona simba. Mwari anacheka hadi machozi, na huku anajifunza kwamba yule atakayekuwa bwana wake ni kiumbe anayeweza kuchekwa. Sidhani kuna somo kubwa zaidi ya hilo kwa msichana wa miaka ile. Akitoka nje atanyamaza kama inavyotakiwa, lakini atakuwa amekwisha kuona.

Nadhani hapo ndipo Bi Kidude alipopata dawa yake ya umaarufu. Mtu aliyezoea kuwaona wakubwa wakiigizwa na mabibi wenye ngoma hatishiki kirahisi na ukubwa wa mtu, hata ukubwa huo ukiwa wake mwenyewe.

Umaarufu wa dunia ulimfika akiwa mzee tayari. Kuanzia miaka ya 1980 alisafiri Ulaya, nchi za Ghuba na Japani. Tamasha la Sauti za Busara lilipoanza Ngome Kongwe mwaka 2004, yeye akawa kama mwenyeji wake. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX huko Newcastle, Uingereza, moja ya heshima kubwa katika muziki wa mataifa. Mwaka uliofuata ikatoka filamu ya Andy Jones juu ya maisha yake, nayo ikachukua jina lake kutokana na msemo wa kukwepa swali la umri: mimi ni mkubwa sawa na ulimi wangu.

Picha za miaka ile zipo, unaweza kuzitazama leo usiku. Bibi mwembamba, sigara mkononi, mara nyingine na bia karibu, sauti nzito inayokwaruza, ngoma ya msondo aliyoifunga kiunoni na kuipanda kama farasi. Hakuficha sigara kamera ilipokuja. Aliwaambia waandishi kwamba akiimba hujihisi msichana wa miaka kumi na minne, basi ataachaje. Zingatia hesabu hiyo pia: dunia inataka aongeze miaka, yeye anaipunguza.

Alifanya hivyo Zanzibar, mbele ya watu waliokuwa na maoni yao juu ya mwanamke wa Kiislamu mwenye sigara na bia, na juu ya kuyapeleka mambo ya unyago kwenye jukwaa lenye wanaume na watalii. Wapo waliokerwa, na hawakukerwa bure. Siri ya unyago ilikuwa na kazi yake. Kicheko cha mle ndani kilikuwa na nguvu kwa kuwa aliyechekwa hakukisikia. Ukikitoa nje, kikawekewa taa na kiingilio, hakibaki kile kile. Watetezi wa Bi Kidude, na mimi nimo, hulipita suala hili haraka mno. Ninachoweza kusema ni kwamba ngoma nyingi za mabibi zetu zimekufa kimya na siri zake, na ya kwake bado inasikika.

Kuna shaka nyingine inayonisumbua zaidi. Mgeni aliyesimama Ngome Kongwe bila ya kujua neno la Kiswahili alicheka nini? Hakusikia kijembe. Hakujua kwamba muhogo wa Jang'ombe, katika ule wimbo aliokuwa akiuimba, si muhogo wa kuchemsha tu. Alimwona bibi kizee anavuta sigara na kupiga ngoma, akafurahi kama anavyofurahi mtu aliyemwona kobe wa Kisiwa cha Changuu, ambaye naye swali la mwanzo juu yake ni umri. Mtu anayejitania anaachia mlango wazi, na wanaoingia si wote wanaojua kwamba wameingia kwa idhini.

Halafu kuna fedha. Aliishi maisha ya kawaida mtaani Rahaleo, na sifa yake ni kwamba alichokipata kilikwisha mikononi mwa wengine. Sheria ya hakimiliki ya Zanzibar ilipitishwa mwaka 2003, wakati yeye keshaimba miaka mingi kuliko umri wa walioipitisha. Tena nyimbo nyingi alizoziimba zilikuwa za Siti au za jadi, hivyo hata sheria ingekuja mapema asingepata kubwa. Tunapenda kusema hakujali fedha. Ni rahisi kulisema hilo juu ya mtu usiyemdai wala kumlipa. Huenda mzaha wake juu ya umaarufu ulikuwa pia hesabu sahihi: aliona unachokileta na unachokisahau kukileta, akaamua kutouamkia.

Tusidhani basi kwamba kicheko ni jambo jepesi lililopita na wazee. Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alishikiliwa na polisi Dar es Salaam kwa siku kadhaa baada ya kusambaa video inayomwonesha akiicheka picha ya zamani ya Rais. Kosa aliloshitakiwa nalo baadaye lilihusu usajili wa laini ya simu. Ukiusikiliza wimbo wa Kijiti siku hiyo hiyo, utapata hisia kwamba umewahi kulisoma shauri hili: tukio ni jingine, hati ya mashitaka ni nyingine. Karibu karne nzima imepita katikati yake.

Siti aliikabili hali hiyo kwa kujifunika, akaiacha hadithi ijicheke yenyewe. Bi Kidude aliikabili kwa uzee. Mambo ambayo binti wa miaka ishirini angeyasema akaitwa mhuni, yeye aliyasema akaitwa bibi. Nadhani hii ndiyo sababu hakuwa na haraka ya kuisahihisha miaka yake. Umri usiojulikana ulikuwa ni kibali, na aliyekitoa ni yeye mwenyewe. Kijana anayeshika mikrofoni leo hana kibali hicho. Ana laini ya simu yenye jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa, na alama za vidole. Kila kitu chake kimeandikwa. Nimewahi kufikiri kuwa kuandikwa ndiyo heshima ambayo Fatuma binti Baraka alinyimwa. Siku hizi sina hakika kama alikuwa akiitaka.

Alizikwa Kitumba tarehe 18 Aprili 2013, na umati mkubwa ulifika, wa mjini na wa shamba. Katika habari za siku ile, magazeti hayakuafikiana juu ya umri wake. Kila moja liliweka namba, kwa sababu taarifa ya kifo hailali bila ya namba, na mwandishi wa kila moja alikuwa na hakika kiasi cha kutosha kwenda mitamboni. Hapakuwa na wa kumuuliza tena. Na angekuwepo, tunalijua jawabu.